Keki yenye Kisima

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Jumapili ulipokuwa unavaa viatu mlangoni uliniuliza, "Mama, niache kazi nishike biashara ya keki? Na nikishindwa mbele ya watu?" Nikakwambia tutaongea. Haya, tuongee, ila la kuacha kazi nitaliruka kwanza, maana kilichonikaa rohoni ni lile neno la mwisho: mbele ya watu. Hasara ni kitu kimoja na aibu ni kingine, na wewe umevifunga kwenye leso moja.

Shangazi yako mkubwa alivifunga hivyo hivyo. Ile harusi ya Pumwani unaijua kwa upande wa kicheko tu. Mombasa keki zake zilisifika, za sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya sinia. Alipohamia huku Nairobi akaja na kipimo kile kile: siagi, sukari, mayai na unga, robo kilo kila kimoja, na bekingi pauda vijiko viwili vya chai. Siku ya harusi keki tatu ziliumuka haraka, zikapendeza, kisha zikabonyea katikati. Akaziba mashimo kwa aisingi. Bwana harusi kutia kisu, aisingi ikatiririka, na yule mzee wetu, Mungu amrehemu, akasema kwa sauti, "Kumbe keki ina kisima!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee amezikwa, na mimi bado sijamaliza naye.

Shangazi yako hakumwokea mtu keki kwa miaka mitatu. Miaka mitatu, kwa kosa la nusu kijiko!

Mombasa iko baharini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda hutanuka kupita kiasi. Keki hupanda kabla haijashikamana, halafu hukosa cha kuibeba. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana keki za huku hukauka upesi. Dawa yake si uchawi: kila kijiko cha bekingi pauda toa robo, kila kikombe cha sukari toa kijiko kikubwa kimoja, kila kikombe cha maziwa ongeza vijiko vikubwa viwili. Oveni ipandishe nyuzi 10, na uanze kuchungulia dakika tano mapema. Vijiko viwili vya shangazi yako vya bekingi pauda vilitakiwa viwe kimoja na nusu. Basi.

Angejuaje? Kesho yake angeoka tena kakeki kadogo, abadilishe kitu kimoja tu, aandike. Si vitatu kwa mpigo, maana ikifaulu hutajua kilichoiponya. Mimi nasema kila siku na mnanicheka: kilichoandikwa hakiaibishi mara mbili. Yeye alikwenda kulala na aibu, na aibu haina kipimo wala dakika.

Kwa hiyo hofu yako itie namba. Uliniambia unaogopa "kila kitu kuharibika". Kila kitu ni shilingi ngapi? Andika kiasi ambacho kikipotea chote bado utalipa kodi ya nyumba, na hicho ndicho mtaji, kikiisha, simama. Kazini sheria inakupa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye mshahara. Tumia hizo kuoka kama mtu asiye na ajira. Mtungi wa gesi upime kwenye mizani kabla, oka keki kumi, upime tena. Tofauti igawe kwa kumi. Wengi huhesabu unga na mayai, wakasahau gesi, boksi, bodaboda na mikono yao wenyewe, kisha wanashangaa wana wateja tele na mfuko mtupu. Oda usiianze bila nusu ya malipo. Na keki ya kilo tatu si keki ya kilo moja mara tatu: bati kubwa huungua pembeni katikati ikiwa bado uji, kwa hiyo hapo moto unashuka na muda unaongezeka. Usimpelekee bibi harusi ukubwa ambao hujawahi kuuoka nyumbani. Leseni ya kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, hayo ni ya foleni tu, yasikutishe.

Lakini hapa najipinga mwenyewe. Wapo walioandika kila gramu na duka likafungwa, kwa sababu kodi ya chumba hula hata siku umeme umekatika na mashine ya kupigia mayai imelala. Daftari halilipi kodi. Tena shangazi yako alikuwa na mume wa kumlisha miaka ile mitatu. Wewe una mshahara wako na mimi. Labda ndiyo maana hofu yako ina akili kuliko yake. Au labda mimi ndiye ninayeogopa, nikaivika hofu yangu nguo za ushauri. Sijui. Ila kilichoandikwa hakiaibishi mara mbili, hilo siliachi.

Sasa, uache kazi au usiache? Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha, lakini nikilitoa leo utaoka kwa ajili yangu. Niletee kwanza daftari la siku 21, pamoja na keki zilizobonyea. Hizo ndizo ninazotaka kuziona zaidi.

Mizani ya shangazi yako iko juu ya kabati langu, ile ya mshale. Ikiwa haijabeba kitu husoma gramu 20, kwa hiyo uwe unazitoa. Njoo uichukue, ila si Ijumaa mchana.

Mamako