Barua kwa mwanangu: santuri, kaseti na stempu zinakokwenda

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, nyumba nzima wazima, na shangazi yako anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyekutumia ile picha ya maboksi barazani, na naona picha ile imekutia hofu. Umeniuliza: "Mama, mbona unagawa vitu vyako? Unaumwa? Kwa nini tusiviingize vyote kwenye kompyuta tukaviweka?" Nimeona nikujibu kwa barua. Kwenye simu tungekatizana, na jambo hili nataka nilimalize.

Siumwi, baba. Presha ni ile ile uijuayo, na dawa nameza. Nagawa kwa sababu bado nakumbuka. Kila santuri ndani ya maboksi yale ina habari ambazo hazikuandikwa kwenye lebo: nani aliileta, ilipigwa kwenye harusi ya nani, mkwaruzo wa upande wa pili ulitokana na nini. Anayeipokea leo anaipokea pamoja na habari hizo, na akiwa na swali nipo nimjibu. Mtaani kwetu nimeona vitabu vya mzee mmoja, msomi hasa, kurasa zake zinafungiwa karanga. Siwalaumu watoto wake. Hakuna aliyewaambia kilichokuwa mle ndani.

Halafu kuna Tanga yenyewe. Unaijua hewa yetu: chumvi ya bahari, joto, na masika yakikolea kuta zinatoa maji. Mkanda wa kaseti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, upana wake haufiki hata milimita nne. Ukiingia koga, unga unabanduka na sauti inaondoka nao. Mashine nazo zinakwisha. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za video, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Fundi aliyekuwa akitutengenezea deki siku hizi anafungua simu tu, na vipuri hana.

Kuhusu kompyuta, kazi hiyo nimeshaianza, lakini siingizi kila kitu. Wimbo uliouzwa madukani una nakala nyingine mahali fulani duniani. Kaseti ya bibi yako haina. Nguvu zangu nimezielekeza huko kwanza.

Unazikumbuka barua za kaseti? Mjomba wako alipokuwa Muscat, kule Omani, hakupenda kushika kalamu. Alikuwa akirekodi salamu zake upande mmoja, anatutaja sote mmoja mmoja kwa majina, kisha anampa kaseti mtu yeyote anayekuja pwani. Bibi yako akiisikiliza mara nyingi mpaka anaijua kwa moyo, kisha anaigeuza, anabonyeza kitufe chekundu na kumjibu upande wa pili, na kaseti inarudi Muscat na msafiri mwingine. Tulizonazo ni zile ambazo hazikubahatika kurudi. Mle ndani mna sauti ya bibi akimuuliza mwanawe kama huko anapata samaki wa kula, mna jogoo, mna adhana ya msikiti wa jirani, na mna wewe unalilia maandazi. Hakuna pesa ya kununua hilo, na hizo hazitoki hapa nyumbani.

Nikueleze ninavyofanya, ili siku ukishika wewe usiziharibu. Kwanza navunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Nasafisha hedi ya redio kaseti, kile kichuma kinachogusa mkanda, kwa pamba na spiriti, naiacha ikauke. Kaseti iliyolala miaka mingi naipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha yote kabla ya kuipiga, maana mkanda hushikana. Ile ambayo gamba lake limepinda nauhamisha mkanda wake kwenye gamba jipya, lile la skrubu. Baada ya hapo ni waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye laptopu, na narekodi faili la WAV, lile kubwa, si lile linalobanwa ili liwe dogo. La kutuma kwa simu utalitengeneza baadaye kutoka kwenye hilo. Kaseti ya dakika 60 inakula dakika 60, hakuna njia ya mkato, na mimi sitaki njia ya mkato. Nakaa naisikiliza nikiandika majina ya wanaozungumza. Sauti nyingine ni mimi peke yangu ninayezitambua sasa.

Sasa santuri, ambazo najua ndizo zilizokuuma. Zile za Black Star na Lucky Star, klabu zetu za taarabu hapa Tanga, zinakwenda Unguja kwa mwalimu anayewafundisha vijana kupiga udi na qanun, zile ala za nyuzi za taarabu. Zilitolewa Mombasa kwa lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand, kwa sababu huku kwetu hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilikuwa zikirekodiwa na redio Dar es Salaam, lakini aliyetaka santuri yenyewe ilimbidi aitazame Kenya. Tangu mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, hadi ulipokuja kufunguliwa mwaka 1983, santuri mpya ilikuwa kitu cha kupewa kwa siri na ndugu aliyepita njia za porini. Ukiona kwenye boksi miaka ile ina pengo, sababu ni hiyo.

Mwalimu huyo alikuja akasikiliza hapa hapa barazani. Alirudia mara kadhaa mahali ambapo mwimbaji Shakila, akiwa bado msichana, anavuta neno moja na fidla zinamsubiri. Akaniambia vijana wake wameusoma wimbo ule kwenye karatasi, lakini namna ya kusubiri ile haiandikiki. Hapo hapo nikajua santuri zinakwenda kwake. Nimempa pia ile sahani nzito nyeusi ya Siti binti Saad, aliyokuwa nayo mama wa bibi yako. Siti alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sahani za enzi zile zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi. Zinavunjika kwa kuangushwa mara moja, na spiriti inaziyeyusha. Nilimwandikia kwa wino mwekundu juu ya jalada: maji kidogo na kitambaa laini tu, spiriti ni haramu. Aliniahidi mbele ya shangazi yako.

Boksi la dansi ni habari nyingine. Lina Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wa hapa kwetu, lina Morogoro Jazz, lina rumba za Kongo. Umeziona zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika: upande mmoja huchukua dakika chache tu, ndiyo maana wimbo mmoja umekatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na ile chemko, pale muziki unapochangamka, iko upande wa nyuma. Wachezaji walikuwa wanasimama katikati ya ukumbi kungoja mtu ageuze. Wamekuja watu, wengine kutoka Ulaya, wanataka kuzinunua zote kwa mkupuo. Zilizo na nakala mbili nimewauzia, tena kwa bei nzuri, na pesa hiyo ndiyo imenunua magamba ya kaseti na diski ya kuhifadhia. Za Tanga sikuwauzia. Napenda zichezwe Tanga kwanza, na watu ambao wazee wao walizicheza.

Umeniuliza pia imekuwaje mtu mmoja apende taarabu, stempu, redio za mbali na bao kwa pamoja. Niliajiriwa Posta nikiwa binti mdogo, wakati posta bado ilikuwa moja kwa nchi zetu tatu. Kutwa nzima vilikuwa vinapita mikononi mwangu vitu vilivyotoka mbali, na kila kimoja nilitaka kujua kimetokea wapi na kimefikaje. Mimi naviona vyote ni jambo moja. Santuri imevuka mpaka, kaseti imepanda ndege ya Muscat, stempu imebandikwa na mtu nisiyemjua, na sauti imeruka bahari usiku mpaka ikaingia chumbani kwangu.

Redio ndiyo niliyoipenda kupita vyote. Mchana nilikuwa nafungua mawimbi mafupi ya mita 16, jua likizama nashuka mita 31 na 49, maana lile tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi ardhini hubadilika jua linapoondoka. BBC walianza Kiswahili mwaka 1957, Redio Peking 1961, Deutsche Welle 1963, na nilikuwa nikiwasikiliza wote, hata matangazo ya lugha nisizozijua. Kisha naandika ripoti: tarehe, saa ya Greenwich, masafa, nilichosikia, na tarakimu tano kuanzia 1 hadi 5 za nguvu ya sauti, mwingiliano, kelele, kufifia, na usikivu kwa jumla. Wiki nyingi zikipita inakuja kadi yenye picha, imeandikwa kwamba kweli ni mimi niliyewasikia, siku ile, saa ile. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ananiamsha kuniambia bahasha imefika. Kadi hizo anazichukua mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa jirani. Ameniomba niende darasani kueleza habari ya jua na mawimbi, na nimekubali.

Stempu nimempa yule binti wa jirani anayekata bahasha za watu kwa uangalifu kuliko mtu mzima. Mle zimo zenye Kenya, Uganda na Tanzania kwenye stempu moja, majina yakipokezana nafasi ya mbele, na imo bahasha ya Zanzibar iliyopigwa maneno JAMHURI 1964 juu ya stempu ya zamani. Nimemfundisha asibandue. Stempu iache juu ya bahasha na muhuri wake, vinginevyo umetupa nusu ya habari.

Bao sigawi. Ni la baba yako, aliyenifundisha watu wakimshangaa kwamba anacheza na mkewe. Kete zake 64 za komwe zimetimia. Wewe uliacha kucheza ukiwa bado unapanga kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi, na hukufika kwenye mtaji, ile sehemu ya pili ya mchezo. Ukija nataka tukae uani tumalize masomo hayo. Mlete na mwanao, umri wake unatosha.

Na redio yenyewe ni yako, kama utaniahidi kuifungua. Dodoma ni pakavu, mbali na bahari, haitaliwa na kutu upesi kama huku. Tandaza waya mrefu juu ya paa, jaribu baada ya magharibi, kisha niandikie ulichokipata. Masafa yaliyobaki si mengi kama zamani, lakini bado yapo.

Nakuomba mambo mawili. Uje na diski tupu, maana barua za kaseti nataka ziwe nyumba tatu: kwangu, kwako, na kwa dada yako. Na kuhusu lile boksi la dansi, nilikwambia uchague unazozitaka kabla sijalitoa. Niambie upesi, ikiwezekana kabla ya Ijumaa, kwa sababu kijana wa barabara ya nane ambaye ametengeneza gramafoni ya babu yake ameshapiga hodi mara mbili, na mimi nimeshampenda.

Salimia mkeo na watoto.

Mama yako