Sukari ya damu kwenye simu: kila namba iwe na swali lake

Watu wengi wenye kisukari hupakua programu ya kurekodi sukari, wakajaza namba kwa siku chache, kisha wakaiacha. Tusiwaite wavivu. Namba kama 9.4 mmol/L (kizio cha kupimia sukari ya damu) iliyokaa peke yake kwenye skrini haimwambii mtu imetokana na nini wala aifanyie nini. Simu huanza kufundisha pale unapopima ukiwa na swali.

Swali la kuanzia: mlo huu unapandisha sukari yangu kwa kiasi gani? Chagua mlo unaoula mara kwa mara. Pima kabla ya kula, halafu pima tena saa 2 baada ya tonge la kwanza (si baada ya kumaliza kula). Sehemu ya maelezo andika vikombe au vijiko vya chakula cha wanga, dawa na saa uliyoitumia, na kama ulitembea. “Nimekula mchana” haitakusaidia wiki ijayo. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo la kawaida ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya kula na chini ya 10.0 baada ya kula, ingawa daktari wako anaweza kukupangia lengo jingine. Ukitoka 6.5 ukafika 12, rudia mlo uleule siku nyingine na ubadilishe jambo moja tu: punguza wanga kwa theluthi, au acha kiasi kilekile utembee dakika 15 baada ya kula. Ukibadilisha yote mawili kwa pamoja, hutajua lipi limesaidia. Dozi ya dawa usiiguse katika majaribio haya.

Kabla ya kuiamini grafu, kagua mambo machache. Programu na kipima sukari vitumie kizio kimoja, ama mmol/L ama mg/dL. 1 mmol/L ni sawa na 18 mg/dL. Ukibadilisha betri ya kipimaji, angalia saa na tarehe, maana saa ikipotea vipimo vya alfajiri vitaingia kwenye simu kama vya usiku, na daktari anaweza kurekebisha dawa isiyohusika. Nawa kwa sabuni na ukaushe vidole vizuri: mabaki ya tunda kidoleni hupandisha namba kwa uongo, na maji huizimua damu ikasoma chini. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe mara tu unapotoa kimoja, kwani unyevu huviharibu.

Hata vyote vikiwa sawa, kiwango cha kimataifa cha vipima sukari, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu kipimaji kukosea hadi asilimia 15 kwa sukari ya 5.6 mmol/L na kuendelea. Kwa hiyo 8.1 na 8.7 zichukulie kuwa kitu kimoja. Usijitese kwa tofauti hiyo.

Wanaovaa sensa (kifaa kidogo kinachobandikwa mwilini na kupima sukari muda wote) wana mtego wao. Sensa hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, hivyo huchelewa kwa dakika kadhaa nyuma ya damu. Sukari ikishuka chini ya 3.9, tumia gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, kama ya kinywaji chenye sukari, na upime tena baada ya dakika 15. Hapo ndipo wengi huteleza: damu imeshapanda, sensa bado inaonyesha 3.6, mtu anaongeza kinywaji kingine, na baada ya saa moja yuko juu ya 14. Kipimo hicho cha pili kifanyie kidoleni. Vilevile, kulalia mkono wenye sensa kunaweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Geuka, pima kidole, ndipo uamue.

Ukienda kliniki usimwonyeshe muuguzi namba za miezi mitatu. Fungua wiki 2 za mwisho, chagua milo miwili mitatu uliyoijaribu, umweleze wewe mwenyewe unachokiona kabla yeye hajasema neno. Nasi tunaofundisha tujizuie kuisoma grafu kwa niaba ya mgonjwa, tumuulize, “Hapa ilipopanda, ulikuwa umefanya nini?” kisha tunyamaze tumsubiri.