Chuma cha shafti ya winchi: chenye nguvu, lakini kinachokerezeka

Ndugu, kwa kuwa shafti ya chuma laini imepinda kwenye winchi yako ya kuvutia mitumbwi hapo Kirumba, nakushauri utafute chuma cha aloi cha daraja la EN19 au EN24 cha hali ya T, yaani ile ambayo imekwisha kukazwa kwa moto kabla ya kuuzwa. Nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ni megapaskali 850 hadi 1,000, takriban maradufu ya chuma laini, na bado hukerezwa bila shida kwa kisu cha kabaidi (ncha ngumu ya kukatia chuma), mradi mwendo upunguzwe na maji ya kupoza yasikatike. Zaidi ya hayo, haihitaji kurudishwa motoni, hatua ambayo ndiyo hupindisha shafti nyingi. Kipenyo kikizidi milimita 60 hivi, chagua EN24, kwa sababu nikeli iliyomo huufikisha ukazo ndani zaidi.

Shafti chakavu za ekseli za lori, ambazo mafundi wetu huzipenda kwa bei, mara nyingi zimekazwa ngozi ya juu: pitisha tupa, na ikiteleza bila kuuma, usiipeleke shafti hiyo kwenye mashine ya kukereza. Vilevile, usiziunge kwa kulehemu.