Fundi Anajibu: Nati za Magurudumu na Usukani

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zinauliza juu ya kukaza nati. Nne zinajibiwa hapa, na mbili za kwanza kwa urefu, maana gurudumu likichomoka kwenye mteremko wa Kitonga anayeumia si dereva peke yake.

Naendesha Noah ya abiria kati ya Mbalizi na Mwanjelwa. Kijana wa tairi huwa anasimama juu ya wili spana kwa miguu yote miwili ndipo aridhike. Stadi mbili za gurudumu la mbele zimeshakatika. Kama nati zinakazwa kiasi hicho, kwa nini zikatike? Na mimi sina spana ya kupimia, nifanyeje?

Zimekatika kwa sababu zinakazwa kiasi hicho. Stadi, ile bolti inayoshika nati, ni chuma kinachovutika kidogo sana nati inapokazwa, na kule kutaka kwake kurudi katika urefu wake ndiko kunakoibana rimu kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu linafungwa. Ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena: inabaki imerefuka, haibani, na siku yoyote inakatika.

Kwa Noah, kama ilivyo kwa Corolla na Toyota nyingine nyingi ndogo zenye stadi za milimita 12, kipimo ni Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha nati). Kijana wa kilo 70 akisimama tu, bila kuruka, kwenye ncha ya wili spana yenye urefu wa sentimita 30, tayari ameweka Nm 206, yaani mara mbili ya kinachotakiwa. Akirukaruka, hakuna anayejua amefikia wapi.

Kabla hujatupa vipande vilivyokatika, vitazame vizuri. Stadi iliyokazwa kupita kiasi huwa na shingo iliyokonda karibu na mahali ilipokatikia, na thredi za hapo zimeachana. Ukikuta uso uliokatika una sehemu laini yenye mistari ya kupinda, halafu kipande kidogo chenye chengachenga, hiyo imechoka kwa kupindwa huku na huku: nati ilikuwa imelegea na rimu ilikuwa inacheza. Dawa za matatizo haya mawili ni tofauti, kwa hiyo usimruhusu fundi abadilishe stadi bila kukuonyesha ya zamani.

Stadi moja ikikatika, badilisha na zile mbili za jirani yake, kwa sababu zilibeba mzigo wake. Zikikatika mbili kwenye gurudumu moja, kama ilivyokukuta, badilisha zote tano.

Spana ya kupimia mkazo, ile inayogonga “tak” ikifika kwenye namba uliyoiweka, ndiyo njia ya uhakika. Ukiwa hauna, chukua mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia viazi. Tafuta spana yenye mpini mrefu, pima sentimita 50 kutoka katikati ya nati, tia ndoano ya mizani hapo, kisha vuta taratibu ukiwa umeiweka mizani pembe mraba na mpini. Mizani ikisoma kilo 21, umefika Nm 103. Mpini ukiwa wa sentimita 40 tu, vuta hadi kilo 26 na kidogo. Haina usahihi wa spana yenyewe, lakini inakaribia sana kuliko mguu wa mtu.

Kipimo hicho ni cha thredi kavu na safi. Katika nguvu yote unayoiweka kwenye spana, takribani nusu inaliwa na msuguano wa uso wa nati na rimu, karibu asilimia 40 na msuguano wa thredi, na asilimia 10 tu au zaidi kidogo ndiyo inayovuta stadi. Ukipaka grisi, msuguano unapungua na nguvu iliyobaki yote inakwenda kwenye stadi. Spana itasoma 103 ileile huku stadi inaumia. Kutu je? Kutu inafanya kinyume: spana inasoma 103 wakati rimu haijabanwa. Kwa hiyo piga brashi ya waya kwenye thredi, kwenye uso wa habu na nyuma ya rimu. Udongo mwekundu ulioganda kati ya rimu na habu utasagika ukishaanza kutembea, na nati zitalegea zenyewe hata kama zilikazwa barabara. Rangi nene iliyopakwa juu ya habu inaleta shida hiyohiyo.

Kukaza kwenyewe kuende hivi. Gari likiwa juu ya jeki, anza kila nati kwa vidole. Lazima izunguke kwa vidole kwa urahisi. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja au miwili imeingia upande, itoe. Thredi za stadi hizi zina hatua ya milimita 1.5, kwa hiyo nati inatakiwa iingie walau mizunguko 8 kamili ndipo iwe imeshika urefu sawa na unene wa stadi. Zifikishe zote kwa spana bila nguvu, ukiruka moja kila mara kama unayechora nyota, ili rimu ikae katikati. Shusha jeki mpaka tairi liguse chini lisizunguke, bila gari kulala lote juu yake. Hapo kaza kwa nyota hadi nusu ya kipimo, Nm 50 hivi, kisha zungukia tena kwa nyota hadi 103. Spana ikigonga mara moja, acha. Wanaogonga mara ya pili “kwa usalama” wanazidisha.

Mashine ya upepo ifungue tu. Kwa kufunga, itumike kufikisha nati kwenye rimu na isimame hapo.

Baada ya kilomita 50 hadi 80, pima tena gurudumu likiwa limepoa. Anayetengeneza gari Iringa akielekea Mbeya, Mafinga ndipo pa kusimama na kupima. Anayetoka Njombe apime Makambako. Usipime mara tu baada ya kushuka mlima, kwa sababu breki zimepasha habu joto na chuma cha moto kinadanganya kipimo.

Fuso yangu ya kubeba mbao kutoka Mafinga ina magurudumu pacha nyuma. Nati za nje nazikaza kila asubuhi lakini tairi la ndani linacheza na tundu za rimu zimeanza kuwa mviringo wa yai. Makambako

Tatizo ni kwamba unakaza nati isiyohusika. Kwenye mfumo wa Kijapani wa magari makubwa ya zamani, kila stadi ya nyuma ina nati mbili. Ya ndani ni ndefu kama bomba, ina thredi ndani na nje, na ndiyo inayobana rimu ya ndani. Ya nje inafungwa juu ya hiyo na kubana rimu ya nje. Ukikaza ya nje peke yake, ya ndani haisogei. Tena inaweza kuwa imelegea kabisa huku ya nje ikionekana imara.

Utaratibu wake ni huu. Kwa gurudumu la stadi nane, legeza nati za nje nne, moja baada ya moja ukiruka. Kaza nati za ndani za hizo nne, kisha rudisha za nje na uzikaze. Halafu fanya hivyohivyo kwa nne zilizobaki. Ukilegeza za nje zote nane kwa pamoja, rimu ya nje inahama kutoka mahali pake na kazi inaanza upya.

Kwa magari makubwa ya mfumo huu mkazo uko kati ya Nm 540 na 590. Kama kitabu cha gari lako kina namba yake, hiyo ndiyo ya kufuata. Kwenye bomba la mita 1.2, Nm 560 ni sawa na kuegemeza takribani kilo 48 kwenye ncha. Watu wawili wakining'inia kwenye bomba la mita mbili wanapita hapo mbali sana.

Angalia pia upande. Magari haya kwa kawaida yana thredi za kushoto kwenye magurudumu ya kushoto, na kichwani mwa stadi utaona herufi L. Kanuni ya kukumbuka ni moja kwa pande zote mbili: kukaza ni kuizungusha nati kuelekea gurudumu linakozunguka gari likienda mbele. Stadi nyingi zimekatwa gereji na mtu aliyekuwa anakaza akidhani anafungua.

Kuhusu mafuta, magari haya yanaruhusu oili nyepesi kidogo kwenye thredi na kwenye uso wa duara wa nati, na kipimo chake kimezingatia hilo. Usiipeleke desturi hiyo kwenye Noah ya jirani yako.

Rimu ambayo tundu zake zimeshakuwa kama yai haitengenezeki. Kuchomelea na kutoboa upya kunaidhoofisha mahali palepale panapobeba mzigo. Itoe kwenye gari, na ubadilishe stadi zote za habu hiyo.

Nimenunua rimu za spoti zilizotumika. Nati za rimu za chuma zinaingia vizuri tu, lakini usukani unatetemeka nikifika mwendo wa 80. Iringa mjini

Kuingia kwenye stadi hakutoshi. Uso wa nati lazima ufanane na uso wa tundu. Nati za rimu za chuma zina ncha ya koni. Rimu nyingi za spoti za Toyota zinazotoka nazo kiwandani zinataka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Koni kwenye tundu la washa bapa inagusa ukingo mwembamba tu, rimu haikai katikati, na ukingo huo unamomonyoka. Simamisha gari, nunua nati zinazofanana na rimu, na uangalie kama tundu hazijaharibika. Kama rimu si ya kampuni ya gari, pima pia tundu la katikati: likiwa kubwa kuliko kichwa cha habu, linahitaji pete ya kujazia.

Nimebadilisha tairodi ya Corolla, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Nimekaza nati yenye mifereji kwa kipimo, lakini tundu la pini halilingani na mfereji. Nilegeze kidogo lilingane? Tukuyu

Usilegeze. Ukisharudisha nyuma, mkazo uliopima umepotea. Kaza mbele hadi mfereji unaofuata. Nati ina mifereji sita, kwa hiyo hutakwenda zaidi ya nyuzi 60, na kipimo cha Nm 49 cha Corolla kimewekwa kikijua kwamba utasogea hapo.

Shina la tairodi ni koni, nalo hushika kwa kukwama ndani ya tundu lake. Lifute liwe kavu, usitie grisi. Likizunguka pamoja na nati, sukuma tairodi kwa jeki ndogo kutoka upande ulio mkabala na nati ili koni ijikaze, kisha endelea.

Kanuni hii usiihamishie kwenye nati ya beringi za koni za pikapu za zamani. Ile inarekebisha ulegevu wa beringi, na ukiikaza kama tairodi beringi inaungua. Huko zungusha habu wakati wa kukaza, legeza, kaza tena kidogo kama kitabu kinavyosema, na tundu lisipolingana, kwanza igeuze ile kofia ya kufungia inayokaa juu ya nati. Mara nyingi inakupa nafasi nyingine bila kuigusa nati.

Pini iwe mpya kila mara, na ijae tundu lake. Mguu mmoja upinde juu ya kichwa cha shina, mwingine ushushe ubavuni mwa nati. Msumari ulionyooshwa au waya wa kufungia uzio hukatika kwa mtikisiko wa barabara ya mawe.