Maji Yanayowaka Usiku: Mbona Chupa Yangu Ilizima?

SWALI: Mhariri, tulipokuwa Watamu likizoni, kila kasia lilipogusa maji usiku ulizuka mwanga wa buluu. Nilijaza maji hayo chupani nikaja nayo Nairobi, lakini nilipoitikisa ofisini mchana haikutoa hata cheche. Je, ni kemikali iliyomwagwa baharini?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo si kemikali ya kumwagwa. Aghalabu mwanga wa aina hiyo hutolewa na dinoflajeleti, viumbe wa seli moja ambao wengi wao huonekana kwa hadubini tu. Maji yanapotikiswa, asidi huongezeka katika vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli, kisha dutu iitwayo lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya, na mmweko wa takriban sehemu ya kumi ya sekunde hutokea, ambao huwashtua wadudu wa majini wanaotaka kuwala.

Chupa yako ilikuwa na mikosi mingi. Spishi nyingi zina saa yake ya ndani na mchana haziwaki hata zikitikiswa. Tena msukosuko wa safari huzimaliza nguvu, na joto la chupa iliyofungwa huweza kuziua kabisa (matuta ya barabara zetu nayo hayana huruma).

Mwanga huu hustawi zaidi kwenye ghuba tulivu zenye mikoko, kwa kuwa majani yanayooza huwapa viumbe hao lishe. Mosquito Bay, katika kisiwa cha Vieques huko Puerto Rico, inasifika duniani kwa mwanga huo, na kuogelea humo kumepigwa marufuku; hata hivyo, kimbunga Maria cha mwaka 2017 kiliizima kwa miezi kadhaa. Kwetu, hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, na huko Gazi, Kwale, wakazi wanaitunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo ina manufaa kuliko kuongeza mashua za watalii.

Hata hivyo, wingi wa mwanga si dalili ya afya kila mara, kwani majitaka na mbolea zinazotiririka baharini huweza kuwazidisha viumbe hao hadi oksijeni ikawapungukia samaki. Baadhi yao hutoa sumu inayojikusanya ndani ya chaza na kome, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo ukiona maji yamegeuka mekundu au ya kahawia mchana, usile kome wa hapo mpaka maofisa wa uvuvi waruhusu.