Mtakutana wapi?

Juma iliyopita mdogo wangu mmoja wa Keshero aliniandikia: "Yaya, usiku ardhi ilitetemeka, mimi na bwana tukabaki tunaangaliana tu. Nyie ile siku ya volkano mlifanya nini?" Nilisoma ujumbe nikiwa sokoni Virunga nikashindwa kumjibu palepale, juu jibu la kweli ni refu na bado linaniuma. Nalitoa hapa, alisome yeye na kila mwenye iko na watoto hapa Goma.

Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa siku ya posho, yaani Jumamosi. Tuko Majengo, bwana yuko safari ya biashara Butembo, mimi niko naivisha sombe. Inafika saa moja ya magaribi naona ukuta wa jikoni umekuwa mwekundu. Watu wakasema ni nyumba inaungua Buhene. Nikatoka barabarani nikaangalia juu, mbingu yote upande wa Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano, ilikuwa sawa makaa ya babula. Hakuna tangazo lililotutangulia, hakuna kengele, ni macho yetu ndiyo yalituambia. Na sisi watu wa Goma tunajua ile lava si ya kungojea, ni nyepesi, inatiririka. Wakubwa wetu waliiona 1977, na 2002 ilipita katikati ya mji ikafunika mpaka sehemu ya uwanja wa ndege.

Nilimfunga mtoto mdogo mgongoni na kikwembe, nikabeba godoro. Godoro! Karatasi zote, zile za kuzaliwa za watoto, diploma ya bwana, karatasi ya parseli, yaani kiwanja chetu, zilibaki juu ya kabati. Mtoto wangu mkubwa alikuwa na miaka 8. Watu walikuwa wanasukumana, nikamwambia: "Fuata wenzako, tutakutana mbele."

Mbele wapi? Sikumwambia. Pale njia zinapogawanyika, wengine walishuka kuelekea Gisenyi, wengine wakashika barabara ya Sake. Mimi umati ulinipeleka mpaka Petite Barrière, pale mpakani, nikalala Rwanda chini ya mti, yeye alifuata watoto wa jirani kwenda Sake kwa miguu. Kuna jirani mmoja, jina siandiki, alimpita njiani na gari yake, akamtambua, hakusimama. Alikuja kunieleza mwenyewe nyuma ya mwezi, eti gari ilikuwa imejaa. Nilimsamehe kwa mdomo. Kwa roho bado niko natafuta nguvu.

Siku tatu. Kila mtu namuuliza, simu inazima, natafuta mahali pa kuchaji, nauliza tena. Mtoto hakuwa anajua namba yangu hata moja, alijua tu naitwa Mama. Aliyemwokoa ni mama mmoja tunaimba naye kwaya, alimkuta amekaa kando ya barabara, kiatu kimoja mguuni, kile kingine amekikumbatia juu kamba ilikatika na aliogopa nitamgombeza. Hiki kitu nikikikumbuka mpaka leo naacha kazi, nakaa.

Kisha tarehe 27 Mei, asubuhi mapema, gavana wa kijeshi akatangaza watu wa kartie 10, yaani mitaa 10 ya mji, watoke, Majengo ikiwemo. Ile safari ya pili tulitoka wote, nilikuwa nimewaandika watoto namba yangu na biki kwenye mkono na ndani ya shati. Sitaeleza zile siku za kulala nje. Tuliporudi lava haikuwa imegusa nyumba, lakini wezi walikuwa wamepita, na bahasha ya karatasi ikaenda pamoja na redio. Diploma ya bwana tulihangaikia miaka mbili.

Basi mdogo wangu, swali la kwanza si mfuko, si tochi. Swali ni: mtakutana wapi? Kwetu tuko na pahali mbili. Ya kwanza ni kanisa letu, mlangoni, si ndani. Ya pili ni nje ya mji kwa ndugu. Zamani ilikuwa Sake, vita ilipofika kule tukabadilisha, na ndio sababu hili jambo tunalirudilia kila mara, halizungumzwi mara moja likaisha. Kila mtoto mdogo iko na mkubwa wake wa kumshika mkono, kwa jina. Na kila mtoto anajua namba yangu na ya shangazi yake kwa kichwa, tunaziimba wakati wa kuoga.

Karatasi tumezitia kwenye plastiki, ndani ya begi moja linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kopi ziko kwa shangazi. Tochi, dawa, redio ndogo, bidoni moja ya mayi safi haiguswi. Pesa kidogo mkononi, noti ndogondogo. Januari 2025 vita ilipoingia mjini benki zilifungwa, umeme na mayi vikakatika, na mwenye alikuwa na franga zake zote kwenye akaunti alikuja kwangu kukopa unga. Mayi ya ziwa yachemsheni au mtie klori, kolera haingojei mmalize kulia.

Jambo lingine watu wa huku wanalisahau wakikimbia: mazuku. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, inakaa mabondeni, haina rangi, na upande wa Mugunga na Lac Vert imeua watu wengi kwa usingizi tu. Ukichoka njiani usilaze mtoto kwenye shimo au bonde eti kuna kivuli, tafuta pahali pa juu. Ukiona mbuzi au ndege wamekufa chini bila kidonda, toka hapo. Na lava iliyokuwa nyeusi juu usiivuke, 2021 kuna watu walikufa wakiivuka wakidhani imepoa.

Usiniambie huna dola za kununua vitu. Kukubaliana pahali ni dola ngapi? Kufundisha mtoto namba tisa au kumi ni dola ngapi? Tunakaaka saa mbili kupanga sare za harusi, rangi ya kitenge, nani atabeba keki, na kwa mlima unaowaka juu ya vichwa vyetu tunasema Mungu anajua. Mungu anajua, ndiyo, lakini mtoto wako wa miaka 8 hajui.

Siku ya posho iliyopita bwana alisimama na saa, nikapiga sufuria mara tatu. Wote tulikuwa mlangoni na begi kwa dakika nne, na yule mkubwa, sasa iko na miaka 13, ndiye alimshika mdogo wake mkono bila kuambiwa.

Mdogo wangu, ongea na bwana leo jioni, kisha niandikie jina la pahali. Moja tu. Nangojea.