Acha Kamera Iendelee Waigizaji Wakishaondoka

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Igoma aliniandikia akitaka kujua anunue kamera gani ili atengeneze filamu itakayomtoa kimaisha. Jibu ni fupi: nunua unayoimudu. Swali ambalo hakuuliza, na ambalo sisi sote tunaotaka kutengeneza sinema katika Kanda hii ya Ziwa tunapaswa kujiuliza, ni kwamba waigizaji wakishatoka kwenye picha, utaiacha kamera ikitazama mahali pale kwa muda gani.

Mimi nilianza na video za harusi, wala sioni haya kulisema. Wakati daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka ghuba ya Ziwa Victoria, likiwa bado halijafunguliwa, nilikodiwa kumfuata bwana harusi aliyekuwa akitoka Sengerema kuja Mwanza kumchukua mkewe. Msafara ulikwama Busisi ukisubiri pantoni, na kamati ilipokuwa ikilalamikia muda, mimi nilikuwa nikipiga: mlango wa chuma ukishushwa na kukwaruza zege, magari yakiingia moja moja, abiria wakifuata kwa miguu na mizigo kichwani, na mama mwenye sinia la samaki wa kukaanga akimrudishia mshenga chenji dirishani huku gari likianza kusogea. Nilipokabidhi kazi, mwenyekiti wa kamati aliniambia mbele za watu kwamba sikulipwa nipige matope. Sehemu yote hiyo ikakatwa, na salio langu likazungushwa mpaka nikachoka kulidai. Picha zenyewe sikuzifuta.

Daraja hilo la kilomita 3, linaloitwa J.P. Magufuli, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na ghuba iliyokuwa ikitula saa nzima au zaidi sasa inavukwa kwa dakika chache. Siililii pantoni, aliyewahi kukesha pale akiwa na mgonjwa hawezi kuililia. Hata hivyo, nilipoonyesha filamu yangu fupi mwezi uliopita nikiwa nimezitumia picha zile, watazamaji waliacha kabisa kufuata kisa changu, wakaanza kukumbushana nani aliuza nini upande gani wa gati. Mwenyekiti yule naye alinipigia simu kuomba nakala. Nilimtajia bei.

Hili si jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 1961 Kent Mackenzie alitoa The Exiles, filamu inayowafuata vijana wa makabila ya asili ya Marekani kwa usiku mmoja katika mtaa wa Bunker Hill, Los Angeles. Nyumba za zamani za kilima kile zilibomolewa kupisha maghorofa, na leo anayetaka kuona ngazi na baa zake hana budi kuirudia filamu. Na sisi wenyewe, tupende tusipende, tunayo Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, filamu ya maisha halisi ya Mwanza ya mwaka 2004, ambayo iliwaudhi wengi na kulaumiwa hadharani na Rais Kikwete. Mimi pia iliniudhi. Lakini uwanja wa ndege wa Mwanza na biashara ya minofu ya sangara ya miaka ile vimo mle, kwa jicho la mgeni, kwa sababu wenyeji tulikuwa tukipiga picha za keki za harusi.

Kwa hiyo, mwanangu wa Igoma na wenzako, acheni kukimbilia droni, kwa maana kutoka juu kila mji ni mabati tu. Nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi magunia ya dagaa yakipakiwa, simamisheni kamera usawa wa macho, muwaombe ruhusa wenye mali, kisha mkae kimya. Msifunike sauti za wapagazi kwa muziki. Mwigizaji akishapita, msikate. Akishapita kabisa, bado msikate. Andikeni mahali na tarehe kwenye kila faili, mweke nakala katika diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na kama kazi ni ya mteja, salio lilipwe lote kabla hajapewa chochote.